Tulivyopeleka Godoro Kwenye Safari ya Starehe

Nyinyi wateja wangu wa Birere mna tabia moja. Mkija kupimwa gauni, tepu bado iko kiunoni, mnauliza, "Kahindo, na ile safari ya meli ilikuwaje?" Naanza kueleza na pini mdomoni, mnacheka kabla sijafika ziwani, na gauni linatoka bega moja juu, jingine chini. Nimechoka kufumua. Nimeandika yote mara moja na karatasi hizi nimezitundika kwenye msumari karibu na kioo. Anayesubiri zamu asome. Asiyetaka kusoma aende kwa Mama Jolie, ila ajue kwamba katika masimulizi ya Mama Jolie watu wote walitapika isipokuwa Mama Jolie.

Tangazo la Désiré

Sisi washonaji tuna kikundi chetu, wanawake kumi na wanne, na kila mwaka tunafanya sikukuu. Kwa kawaida ni wali, nyama ya mbuzi, na ugomvi mdogo kuhusu nani ameondoka na mapaja ndani ya mkoba. Mwaka huu Mama Jolie, rais wetu, mwanamke wa upande wa Bukavu ambaye hawezi kuona kitu kipya bila kukitaka, alikuta tangazo ukutani. Kulikuwa na picha ya meli nyeupe yenye ghorofa kama hoteli, minazi miwili, na msichana wa Kizungu mwenye kofia pana na nguo chache. Chini yake waliandika: "Kruazieri ya Visiwa vya Tropiki. Siku mbili ambazo hutazisahau." Kwa hilo la kusahau hawakudanganya.

Mwenye tangazo, kijana anayeitwa Désiré, alikuja mwenyewe kwenye chumba chetu cha kushonea. Alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba isiyo na dirisha, akajikwaa kwenye cherehani mbili kabla hajapata kiti. Alituambia habari za upepo, matunda na maji ya buluu, na sisi tulisikiliza midomo wazi.

"Na hivyo visiwa viko wapi?" Mama Jolie aliuliza.

"Idjwi, mama."

Idjwi ni kisiwa cha ziwa letu hili hili, ndiko yanakotoka mananasi tunayonunua sokoni Kituku, ufukweni. Mmoja wetu akauliza, kama tropiki iko kule, hapa Goma ni wapi, Ulaya?

"Hapa muko kwenu," Désiré akajibu. "Kule mutakuwa baturisti."

Hapo akatupata. Katika mji huu tumekwisha kupewa kila jina: waliohama, waliorudi, walioathirika, walengwa. Kila gari jeupe la misaada linalopita linatuletea jina lake. Lakini hakuna hata siku moja mtu aliyetuita watalii. Mikono kumi na minne ilipanda juu, na mikono mingine ilikuwa bado na mkasi.

Désiré alituachia karatasi yenye maagizo: mfuko mwepesi, kofia, miwani, mafuta ya kuzuia jua, na nguo ya jioni. Mafuta tuliyafuta kwenye orodha, maana sisi na jua tunafahamiana. Kuhusu kitenge cha sare tulibishana wiki tatu nzima, kama kiwe cha samaki au cha maua, na mikono iwe mirefu au mifupi. Kuhusu makoti ya kuokolea maisha majini hakuna aliyeuliza hata kwa dakika moja. Mwishoni samaki walishinda.

Mama anafunga mizigo

Kila mmoja aliruhusiwa kuja na mtu mmoja wa nyumbani. Mimi nilimchagua mama yangu mzazi, ninayeishi naye. Wale msiomfahamu, mama ni mzaliwa wa Butembo, akaolewa, akapelekwa Kibumba kulima kabichi na viazi. Kutoka hapo amekimbia mara nne. Mara ya kwanza vita vilimtoa Kibumba, na marehemu baba, na ng'ombe mmoja. Mara ya pili volkano ilifukia nyumba waliyojenga mjini. Mara ya tatu vita tena. Mara ya nne volkano tena, tukatembea kwa miguu mpaka Sake, baada ya wakubwa kutuambia tutulie. Aliporudi kutoka Sake alikaa kwenye kizingiti akasema hatoki tena ndani ya nyumba hii mpaka sanduku lije kumchukua. Na kweli, tangu siku ile hakuwahi kwenda mbali kuliko kanisani.

Mimi iliniuma. Nilimwona mama yangu anazeeka akiangalia mlango. Kwa hiyo siku moja nilimpelekea chai nikamwambia tunaenda kutembea.

"Nani anatufukuza?" akauliza.

"Hakuna mutu, mama."

"Sasa tunatoka juu ya nini?"

Nilimweleza kuhusu kisiwa, maji, sikukuu ya washonaji. Alikunywa chai yote. Halafu akaweka kikombe chini.

"Kahindo, tangu nizaliwe sijatoka fasi nikarudi nikakuta kintu kiko vile nilikiacha. Hata kijiko. Kama hii safari yako iko ya kwenda na kurudi, nitaenda. Nataka moja tu ya vile mbele nikufe."

Nikamwahidi. Niliahidi kwa mdomo mwepesi, kama mtu anayeahidi gauni kwa Jumamosi.

Mama si mtu wa kuamini mdomo. Alikuwa na kuku wa madoadoa aliyekuwa anatamia mayai tisa. Siku moja kabla ya safari alimbeba na kikapu chake chote mpaka kwa jirani yetu, Mama Neema, akamkabidhi mbele yangu. "Nikirudi nikute iko inatamia," alimwambia. Mama Neema akaapa kwa Bikira Maria. Nilielewa kwamba kuku yule ndiye angetoa hukumu juu ya safari yangu.

Asubuhi ya safari nilitoka kidogo kumtafutia mama kofia. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu. Mizigo ilikuwa imepangwa uani: godoro limekunjwa, sufuria tatu moja ndani ya nyingine, unga wa muhogo, dumu la manjano, jembe lililotolewa mpini, na bahasha ya plastiki yenye karatasi ya shamba la Kibumba, kadi za ubatizo, diploma yangu na picha ya baba. Godoro lilikuwa limefungwa kwa ile kamba. Kamba hiyo ya katani ndiyo aliyomfungia ng'ombe siku ya kutoka Kibumba. Ng'ombe alichukuliwa njiani na watu wenye bunduki, wakamwachia kamba, na tangu siku ile imefunga godoro katika kila safari. Mama hakubali ikatwe hata kipande cha kuanikia nguo.

"Mama, waliandika mfuko mwepesi," nikasema.

"Hii njo nyepesi. Ile ya volkano ya kwanza ilikuwa na mulango."

Na ni kweli, baba alibeba mlango. Ningeweza kubishana, lakini ngoja niseme ukweli ambao sijawaambia bado. Nilipoona mizigo ile imepangwa vile, mkono wangu uliondoka wenyewe, ukafungua meza, ukatoa kichwa cha cherehani, ukakifunga ndani ya shuka. Sikufikiria. Nilishtuka nimekishika.

Kutoka nyumbani mpaka Kituku

Mzigo wa namna ile haupandi pikipiki. Niliita chukudu, ile baiskeli yetu kubwa ya mbao isiyo na pedali, na mwenye chukudu akapanga vitu kwa ustadi wa mtu ambaye amehamisha nusu ya mji. Godoro juu kabisa. Mama akashika dumu, mimi nikavaa kofia na miwani na sare ya samaki, tukaanza kushuka mtaa.

Sasa lazima mjue kitu kimoja kuhusu mama. Mtaani kwetu, mama ndiye redio. Volkano ya mwisho, wakati msemaji wa serikali anasema tulieni, mama alikuwa tayari anafunga kamba, na waliomfuata walifika Sake na watoto wao wote. Wiki ile ya safari yetu mapigano yalikuwa juu Rutshuru, na redio zilikuwa zinasema hali ni shwari, na sisi sote tunajua hali huwa shwari wakati gani. Watu walikuwa wanasubiri tu kuona mama atafanya nini.

Mama Neema alisimama mlangoni kwake na ndoo mkononi.

"Mama, munaenda?"

"Tunaenda."

"Na godoro?"

"Na godoro."

"Mutarudia?"

"Mungu akipenda," mama akasema, na akafuta jicho, maana moshi wa mkaa ulikuwa umemwingia.

Mimi nilijitahidi kueleza. Nilimwambia Mama Neema tunaenda kutembea tu, starehe, siku mbili. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Lakini mtu mwenye godoro akikwambia kwamba anaenda kutembea, unaelewa tu kwamba hataki kukutisha. Mama Neema aliitikia kwa kichwa polepole, akaweka ndoo chini, akaingia ndani. Nyuma yetu nilisikia milango inafungwa, mmoja baada ya mwingine. Nilidhani ni wivu.

Kituku

Ufukweni Mama Jolie alipoona chukudu yetu aliangua kicheko. Aliwaita wengine waje waone Wanande, ndio sisi watu wa Butembo, wanavyokwenda kwenye starehe na unga wao. Alicheka vizuri kabisa, mpaka chukudu yake ilipofika ikiwa na magodoro mawili, jiko na mfuko wa makaa. Baada yake walikuja wengine. Washonaji kumi na wanne, na kila mmoja na godoro lake. Mmoja alileta bati. Hatukuulizana chochote, tulisaidiana kushusha.

Désiré alivua miwani kwa mara ya kwanza. "Bamama," akasema, "kwenye karatasi sikuandika godoro."

"Haukuandika pia ya kuacha," Mama Jolie akamjibu.

Basi sisi nasi tukaomba kuonyeshwa meli. Désiré akanyoosha kidole juu juu, kama mtu anayeonyesha upande tu. Ilikuwa boti ya mbao, ile inayoleta maharagwe na mbuzi, imeoshwa lakini mbuzi wanakumbukika. Juu walikuwa wamefunga hema la plastiki la kuzuia jua, jeupe, lile lile la kambini ambalo kila mmoja wetu amewahi kulala chini yake bila kulipa. Nilimwuliza minazi iko wapi. Alisema picha ilikuwa ya kutia moyo.

Saa tatu ikawa saa nne, na tangi likaonekana halina mafuta. Saa nne ikawa saa sita, na kapiteni akaonekana hayupo, ameenda kwenye kilio. Tulikaa juu ya magodoro tukila mandazi na sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, na nataka niwaambie kwamba sambaza wale, na chumvi na pilipili yao ndani ya karatasi ya daftari, ndio chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula safari nzima. Makoti ya kuokolea maisha yalikuwa manane kwa watu karibu thelathini. Désiré alipendekeza tuyavae kwa zamu wakati wa kupiga picha. Mama alichukua moja, akalivaa, akafunga vifundo viwili, akamwambia zamu yake imeanza.

Juu ya maji

Tuliondoka saa saba. Désiré alitangaza kinywaji cha kuwakaribisha wageni, kilichotokea kuwa maji ya matunda ya marakuja ndani ya kopo moja la plastiki lililozunguka kutoka mdomo hadi mdomo kama kalisi ya misa. Nusu saa baadaye marakuja yale yalianza kurudi. Mama Jolie, aseme vyovyote atakavyosema, alikuwa wa kwanza.

Mama hakutapika. Alikuwa amekaa katikati ya boti juu ya godoro lake, amejiegemeza kwenye sufuria, amevaa koti la kuokolea juu ya sare. Baada ya muda wale waliocheka walianza kumwomba nafasi. Aliwapa kwa zamu, wagonjwa kwanza, kama mtu aliyezoea kupanga watu.

Katikati ya ziwa mashine ilizima. Kapiteni aliinamia injini na bisibisi, na ndipo simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Neema, anahema.

"Kahindo, mumefika wapi? Mumepita njia gani?"

"Ya maji," nikajibu. "Tuko mu boti. Ni sawa kabisa!"

"Ya maji! Yesu wangu! Basi hata ya Sake imefungwa?"

Nilijaribu kumwuliza Sake inahusu nini, mtandao ukakatika. Nilimwambia mama kwamba Mama Neema anatuonea wivu.

Injini ilipowaka tena, mama aligeuka akatazama tulikotoka. Mji wote ulikuwa unaonekana kutoka upande ambao hakuwahi kuuona, mabati yanang'aa, na mlima wa moto nyuma yake umekaa kimya na moshi wake.

"Kumbe ni muji muzuri," akasema. "Kama haikufukuze."

Idjwi, tunapokelewa

Tulifika jua likiwa bado juu kidogo. Watu wa kisiwani waliokuwa wanafua walituona, wakatuangalia, wakaangalia magodoro, wakaacha nguo kwenye mawe wakapanda mlima mbio. Kengele ya kanisa ikalia. Désiré akasema anashangaa, hakuwa ameagiza kengele, lakini ni vizuri.

Kabla hatujamaliza kushusha mizigo akaja mzee mmoja na daftari kubwa. Alijitambulisha kama Papa Bahati wa kamati ya parokia. Nyuma yake walikuja akina mama wanne wamebeba sufuria ya uji, wawili kila upande.

"Poleni sana," Papa Bahati akasema. "Poleni na njia. Muko bangapi?"

Mama Jolie alitaja hesabu yetu huku amenyoosha shingo. Alidhani ni mapokezi ya hoteli. Wakatubebea magodoro, na hapo tukasifu huduma. Wakatupeleka kwenye shule, darasa la tatu, madawati yamesukumwa ukutani, ubaoni bado kuna mafumbo ya hesabu. Wakasema tutandike hapa. Mmoja wetu aliuliza kwa sauti ya chini choo cha hoteli kiko wapi.

Na sasa ninafika kwenye kitu kinachonitia aibu mpaka leo. Mama mmoja wa uji alisimama na upawa, akafungua mdomo kutuambia tupange mstari. Hakupata nafasi ya kusema. Tulikuwa tumekwisha kupanga. Wazee mbele, kisha wagonjwa, kila mtu na kikombe chake mkononi, kimetoka kwenye mzigo bila mwenyewe kujua. Tulikuwa na sare mpya, miwani ya jua, hereni, na mstari ulionyooka hivi kwamba mwalimu yeyote angelia kwa furaha. Désiré naye alikuwa kwenye mstari.

Papa Bahati alikaa kwenye dawati akaanza kuandika majina. Kwa kila mtu aliuliza ametoka wapi na anakimbia nini. Wa kwanza alisema hakimbii. Papa akamgusa bega akamwambia asiogope, hapa ni salama. Mimi nilisema tumekuja kwenye kruazieri. Aliandika kitu kirefu, nafikiri alidhani ni jina la kijiji.

Ikafika zamu ya mama. Alikuwa bado amevaa kofia niliyomnunulia.

"Mama, unakimbia nini?"

"Sikimbie kintu. Niko natembea."

Papa Bahati alitazama godoro, dumu, jembe. Sauti yake ikawa ya upole zaidi. "Mama, haina haya. Hata siye hapa tulishakimbia."

Mama alisimama wima. Nikajua kwamba hachezi.

"Papa, nimekimbia mara ine. Ile ine yote nilikuwa mu mustari sawa huu, na ile yote banaandika vile banataka. Mimi sikusema kintu. Hii leo naomba uandike: huyu mama alikuja kutembea. Kesho anarudia kwake."

Papa Bahati alitafuta kwenye daftari mahali pa kuandika jambo kama hilo na hakukuwa na sehemu yake. Akachukua rula ya shule, akachora mstari mpya pembeni mwa ukurasa, akaandika polepole, akamgeuzia daftari aone. Mama hajui kusoma. Alitazama maandishi yale kwa muda mrefu, akasema asante.

Halafu Papa Bahati akatutazama sote, kofia, miwani, samaki, magodoro kumi na matano, na mambo yakamwingia. Alianza kucheka mpaka akaegemea ubao. Akina mama wa uji wakacheka, sisi tukacheka, na Désiré akacheka kwa kuchelewa kidogo. Lakini mimi nilimwona mama mmoja anakwangua sufuria, na nikauliza unga ule umetoka wapi. Umetoka nyumbani kwao. Walisikia kengele, kila mmoja akatoa kopo. Watu ambao nao hawana walikoroga uji kwa watalii kutoka Birere. Sina la kuchekesha la kusema hapo.

Mama ndiye aliyefungua mfuko wake wa unga akaumimina mbele yao. Mama Jolie akatoa makaa, na mama yangu Mnande hakusema kitu kuhusu makaa ya Bukavu. Tulisonga ugali pamoja, wakaleta samaki, viazi vitamu na mananasi. Tukavaa nguo za jioni, maana zilikuwa kwenye orodha, tukacheza ngoma kati ya madawati. Mama alitoka akakaa juu ya jiwe karibu na maji, amevua viatu, anakula nanasi, maji yake yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Kurudi

Jumapili, baada ya misa, tulipanda boti. Njia nzima mama alikuwa anasokota ncha ya kamba ya godoro kati ya vidole. Nilijua anafikiria kuku, na mimi pia nilikuwa nafikiria kuku.

Tulifika mtaani alasiri na hakukuwa na mtu. Milango imefungwa, hakuna moshi, hakuna mtoto. Halafu kwenye kona ya juu walianza kutokea, msururu mzima, magodoro kichwani, masufuria, mbuzi mmoja amekasirika. Mbele alikuwa Mama Neema. Aliponiona na kofia yangu, alitupa mzigo chini.

"Weye!" akapiga kelele. "Weye njo ulitukimbiza!"

Ndipo nikaelewa milango, simu na Sake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tulikuwa tumepitisha unyasi huo mtaa mzima juu ya chukudu. Nusu saa baada ya sisi kuondoka mtaa wote ulikuwa umefunga mizigo. Niliposema tuko kwenye maji, wakaamini kwamba barabara zote zimefungwa. Wamelala kwenye uwanja wa parokia wakisubiri vita ambavyo ni sisi wenye sare ya samaki. Msemaji alikuja kuwaambia hali ni shwari, na hapo ndipo wengine zaidi wakakimbia.

Mama hakusikiliza lolote. Alimwendea Mama Neema moja kwa moja.

"Kuku yangu iko wapi?"

Mama Neema aliangalia miguu yake. "Mama, kuku inatamia, haiwezi kukimbia. Na batoto balikuwa na njaa..."

"Mulikula kuku yangu?"

"Tuliisha jua haurudie!"

Safari moja tu aliyoniomba. Nilimgeukia mama kumwomba msamaha na nikakuta ameshika kiuno kwa mikono miwili, kifua mbele. Sikuwahi kumsikia na sauti ile. Alitaja madoadoa ya kuku yule moja moja. Alitaja mayai tisa. Alimtaja Bikira Maria aliyeapiwa. Mama Neema naye akajibu kwamba anayebeba godoro kwenda kutembea ndiye anayestahili kulipa kuku wa mtaa mzima. Watu wakashusha mizigo ili wasikilize vizuri. Iliendelea mpaka wote wawili wakakauka koo, na mama akaingia ndani kunywa maji, uso unang'aa kama wa msichana.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Ya nini? Kule Kibumba niliulizaka nani ng'ombe yangu? Ya nyumba niliulizaka nani? Mulima?" Alikunywa kikombe kizima. "Huyu namujua jina. Namujua na mulango."

Kwa siku sita, kila asubuhi kabla ya chai, alisimama kwenye uzio akauliza, "Mama Neema, kuku?" na Mama Neema akajibu, "Uliamuka salama, mama?" Siku ya saba Mama Neema alileta tetea mwekundu, mnene kuliko yule wa kwanza. Mama alimpima mkononi, akamkosoa mkia, akampokea.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kila mtu anajua. Usipomfunga siku chache atarudi alikotoka. Nilikwenda kutafuta uzi kwenye vitambaa vyangu. Niliporudi mama alikuwa amechuchumaa uani na kisu cha jikoni, na godoro limefunguka lote kando yake. Alikuwa ameikata ile kamba. Kipande kimoja kilikuwa tayari kwenye mguu wa kuku, kingine amekitundika cha kuanikia nguo.

"Mama," nikamwambia, "na ikitokea tena? Godoro tutafunga na nini?"

Alikaza kifundo, akamwachia kuku atembee mpaka kamba ikavuta.

"Ikitokea tutatafuta kamba ingine," akasema. "Kwanza kuku izowee nyumba."